Maswali ya Wasomaji: Watafiti wa sera wa Calgary, na waraka uliofika Juni

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kazi ya Canada West Foundation, taasisi ya utafiti wa sera iliyoko Calgary, jimbo la Alberta. Inashughulikia majimbo manne ya magharibi ya Kanada: British Columbia, Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Ilianzishwa mwaka 1971, baada ya mkutano wa Lethbridge wa Mei 1970 uliojadili kama majimbo matatu ya nyanda za ngano yaungane yawe moja. Hayakuungana. Ila swali lilibaki: mambo ya magharibi yatafanyiwa utafiti na nani, wakati maamuzi makubwa yanatoka Ottawa, mji mkuu, karibu kilomita 2,900 kutoka Calgary kwa ndege? Barua zenu zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Hizi saba ndizo tulizozijibu.

SWALI (mwalimu wa sekondari, Arua): Ndugu wahariri, watu hawa si wabunge, si chama, si chuo kikuu. Sasa wakifika ofisini asubuhi wanafanya nini? Mwaka unakwishaje?

JIBU: Mwalimu, kazi yenyewe ni ya hatua nne: kuchagua swali, kutafuta takwimu, kuandika, na kupeleka. Watu wengi huona ile ya tatu tu, maana ripoti ndiyo inayoshikika mkononi. Inayokula siku nyingi ni ya nne.

Kalenda inapangwa na serikali. Mwaka wa fedha wa Kanada, Ottawa na kwenye majimbo, huanza tarehe 1 Aprili. British Columbia na Alberta husoma bajeti Februari. Saskatchewan na Manitoba hufuata mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo pendekezo linalotaka kuingia bajeti ya jimbo sharti liwe mezani kwa maofisa wa wizara kufikia Oktoba au Novemba. Likifika Januari, hesabu zimekwisha kufungwa na waziri anachagua maneno ya hotuba. Bajeti ya Ottawa kwa miaka mingi ilisomwa majira ya kuchipua, lakini ya mwaka 2025 ilisomwa tarehe 4 Novemba, na serikali ikatangaza kwamba sasa itakuwa desturi kuisoma kabla ya baridi. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari ndogo. Kwa taasisi ya sera, mpango mzima wa kazi unasogea karibu nusu mwaka nyuma.

Majira ya joto, Kamati ya Fedha ya bunge la chini hupokea maoni ya maandishi ya kabla ya bajeti. Masharti ni makali: maneno yasizidi 2,000, na mapendekezo yawekwe mwanzoni. Kisha kuna jambo ambalo wageni hulisahau. Waraka haugawiwi kwa wabunge mpaka uwe kwa Kiingereza na Kifaransa. Ukiuleta dakika ya mwisho kwa lugha moja, unakaa kwa watafsiri huku kikao kikiendelea. Ukiitwa kutoa ushahidi, unapewa kama dakika tano za kusema, halafu maswali. Dakika tano ni kurasa mbili na nusu zilizoandikwa kwa nafasi pana, si zaidi.

Julai mawaziri wakuu wa majimbo hukutana, na Calgary kwenyewe kuna Stampede, siku kumi za maonyesho ya farasi na ng'ombe ambapo wanasiasa wa nchi nzima huvaa kofia pana na kuwapikia watu chapati za maji. Wiki hiyo hakuna mwenye akili anayezindua ripoti. Lakini kila unayemtafuta yupo mjini, na mazungumzo mengi ya mwaka huanzia penye foleni ya chapati.

Halafu kuna yasiyopangwa. Tarehe 22 Agosti 2024 kampuni mbili kubwa za reli, CN na CPKC, zilisimamisha treni kwa wakati mmoja kwa sababu ya mgogoro na wafanyakazi. Machi 2025 China ikaweka ushuru wa asilimia 100 kwenye mafuta na mashudu ya kanola (zao la mbegu za mafuta) pamoja na njegere za Kanada, mazao ambayo Saskatchewan inayategemea mno. Siku kama hizo waandishi wa habari wanataka jibu kabla ya saa sita mchana. Anayeweza kulitoa ni yule ambaye takwimu za tani, njia na masoko anazo tayari tangu mwaka jana. Ndiyo maana mpango mzuri wa mtafiti haujazi siku zote tano za wiki; moja huachwa wazi.

Kuhusu chama: sheria ya kodi ya Kanada inalipa shirika la hisani, kama taasisi hii, nafuu ya kodi kwa masharti. Tangu 2018 linaruhusiwa kushiriki mijadala ya sera bila kikomo, mradi linatumikia malengo yake ya hisani. Kabla ya hapo lilipaswa kubaki ndani ya takriban asilimia 10 ya rasilimali zake. Lakini kuunga mkono au kupinga chama au mgombea, iwe wazi au kwa kuzunguka, ni marufuku kabisa hata leo.

SWALI (katibu wa chama cha ushirika wa wakulima, Masindi): Tuliandika waraka wa kurasa 40 kuhusu barabara tunazopitishia mahindi. Tuliupeleka Bungeni Juni mwaka jana, tukapewa hata muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo kimya. Tulikosea wapi?

JIBU: Ndugu katibu, mlikosea tarehe, mlango na urefu, kwa mpangilio huo wa uzito.

Tarehe kwanza. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Uganda ya 2015, waraka wa Mfumo wa Bajeti (Budget Framework Paper) unafika Bungeni kabla ya 31 Desemba, Bunge linaupitia kufikia 1 Februari, makadirio kamili yanaletwa kufikia 1 Aprili na kupitishwa kufikia 31 Mei. Hotuba ya Juni mnayoisikiliza redioni ni ya kutangaza yaliyokwisha kuamuliwa. Waraka wenu ulifika baada ya sahani kuoshwa. Waraka wa wizara wa kuanzisha bajeti hutoka karibu Septemba, na wilaya hufanya mikutano ya bajeti Oktoba na Novemba. Huo ndio wakati wenu. Baada ya Februari mnaweza kugombania kiasi, lakini kuingiza jambo jipya ni vigumu sana.

Mlango. Kule Kanada kosa la kwanza la mtafiti mchanga ni kumwomba waziri wa Ottawa kitu ambacho katiba imekiweka kwa jimbo. Maliasili, kwa mfano, ni za majimbo. Alberta, Saskatchewan na Manitoba zilikabidhiwa zake mwaka 1930. Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa adabu na kufa. Hapa kwetu, ukiacha za mijini, barabara zina ngazi tatu. Barabara kuu ziko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi tangu UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilipovunjwa. Za wilaya ziko kwa mhandisi wa wilaya. Za jamii, zile zinazotoka shambani hadi njia ya wilaya, ni za gombolola. Tumeusoma muhtasari wenu: kati ya barabara sita mlizozitaja, nne ni za jamii. Mbunge hana fungu lake. Mwenyekiti wa LC3, yaani wa gombolola, analo, tena gombolola la vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato linayokusanya. Anzeni hapo.

Urefu. Kurasa 40 zibaki ofisini kwenu kama ghala la ushahidi. Kinachotoka nje ni kurasa mbili. Aya ya kwanza itaje mambo manne: nani anaamua, anaamua nini, lini, na mnaomba nini. Waraka wenu unaanza hivi: "Kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Uganda." Msomaji wa wizara amekwisha kuiona sentensi hiyo mara elfu na anafunua ukurasa. Jaribuni namna hii, mkiweka takwimu zenu wenyewe mahali pa hizi za mfano:

"Tunaomba Baraza la Gombolola, katika mkutano wa bajeti wa Novemba, litenge fedha za makalavati matatu kwenye njia ya kilomita 7 kutoka kituo chetu hadi barabara ya wilaya. Msimu wa mvua, nauli ya gunia la kilo 100 hupanda kutoka shilingi 3,000 hadi 5,000. Kwa magunia 2,000, wakulima hupoteza shilingi milioni 4 kila msimu."

Angalieni kilichofanyika. Hesabu ni moja, na diwani anaweza kuirudia kichwani akiwa kwenye boda: elfu mbili mara elfu mbili. Ombi ni moja. Ukiweka maombi tisa, mwamuzi huchagua lile rahisi, aghalabu la semina.

Jambo la mwisho kuhusu hizo takwimu: andikeni ni za msimu gani na zimetoka wapi, stakabadhi za madereva au daftari la ghala. Takwimu isiyo na mwaka ndiyo ya kwanza kushambuliwa. Na kama mnahitaji hati za wilaya, kama vile mkataba wa matengenezo wa mwaka uliopita, Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Ombeni Agosti, msingoje Oktoba.

SWALI (mwanafunzi wa takwimu, Gulu): Niliwahi kusikia kwamba taasisi za kimkoa huendesha kura zao za maoni ingawa zipo za kitaifa. Je, huo si ubadhirifu?

JIBU: Hapana, na sababu yake iko kwenye hesabu unayoijua. Kwa sampuli ya bahati nasibu na uhakika wa asilimia 95, kiwango cha kosa ni takriban 98 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,000 wanakupa asilimia 3.1 juu au chini. Ni nzuri sana kwa Kanada nzima. Sasa itafute Saskatchewan humo ndani. Sensa ya 2021 iliihesabia watu milioni 1.13 kati ya karibu milioni 37, yaani asilimia 3. Katika watu 1,000 utapata 30 hivi. Kosa lao ni asilimia 18. Ukiambiwa nusu ya Saskatchewan wanataka jambo fulani, ukweli unaweza kuwa theluthi moja au theluthi mbili. Gazeti litaliandika hata hivyo.

Taasisi ya kimkoa hufanya kinyume: huhoji idadi sawa kila jimbo. Tuseme 400 mara nne. Kila jimbo linapata kosa la asilimia 4.9, na sasa unaweza kulizungumzia kwa jina lake. Lakini huwezi kujumlisha wote 1,600 ukasema "magharibi inasema", kwa sababu Saskatchewan ni asilimia 10 hivi ya watu wa magharibi nawe umeipa robo ya sauti. Inabidi kupima upya uzito: kila mhojiwa wa British Columbia ahesabiwe kama 1.70, wa Alberta 1.45, wa Manitoba 0.46, wa Saskatchewan 0.39. Na uzito huo una bei yake. Watu 1,600 waliopimwa hivyo wana nguvu ya watu 1,190 tu, na kosa la jumla linapanda kutoka 2.5 hadi 2.8. Anayetangaza 2.5 hajui kazi yake, au anaijua vizuri kupita kiasi.

Canada West Foundation ilikuwa na mfululizo wake wa kura za maoni za magharibi miaka ya 2000, na tangu 2019 imeshirikiana na Environics Institute na wenzao katika uchunguzi wa nchi nzima unaogusa kila jimbo.

Iweke Karamoja mahali pa Saskatchewan. Sensa ya 2024 iliihesabia takriban watu milioni 1.5 kati ya milioni 45.9. Kura ya kitaifa ya watu 1,000 itakuwa na Wakaramoja 33, kosa asilimia 17. Hapo bado hatujagusa tatizo la pili ambalo kwetu ni kubwa kuliko Kanada: vijiji. Sisi hatupigi simu ovyo nchi nzima. Tunachagua vijiji, ndipo tunachagua nyumba. Watu wa kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja na husikiliza redio moja, kwa hiyo majibu yao yanafanana. Kama mfanano huo, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.05, watu 400 waliotoka vijiji 10, 40 kila kijiji, wana nguvu ya watu 136 tu, kosa asilimia 8.4. Watu hao hao 400 wakitoka vijiji 40, kumi kila kijiji, wana nguvu ya 276, kosa 5.9. Mafuta ya pikipiki yanaongezeka, ndiyo. Lakini ukibana mafuta hapo umetupa theluthi mbili za kazi ya wahoji.

Dodoso nalo. "Je, unaunga mkono bomba la mafuta na ajira litakazoleta?" ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na moja limetiwa sukari. Likitafsiriwa Kiacholi au Ngakarimojong, mpe mtu wa pili alirudishe kwa Kiingereza bila kuona la awali. Pale tafsiri mbili zinapoachana, ndipo swali lenyewe lilipokuwa bovu. Na ukichukua maoni kwa kundi la watu waliojiandikisha mtandaoni, usiandike kiwango cha kosa kabisa; kanuni hiyo inahusu sampuli ya bahati nasibu peke yake.

SWALI (mfanyabiashara wa nafaka, Busia): Nani anawalipa? Mwenye kulipa zumari ndiye achaguaye wimbo. Au Kanada mambo ni tofauti?

JIBU: Wafadhili wa taasisi za namna hii ni wa aina nne: serikali, kampuni, mifuko ya hisani na watu binafsi. Hatari haiko katika aina fulani. Iko mmoja wao anapozidi kuwa mzito. Kanada unaweza kulikagua hilo mwenyewe bila kumwomba mtu. Kila shirika la hisani lililosajiliwa hujaza fomu T3010 ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wake wa fedha kwisha, na sehemu kubwa ya fomu hiyo iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi. Nenda moja kwa moja mstari wa 4700, mapato yote. Kisha 4540, fedha za Ottawa, na 4550, fedha za majimbo. Gawanya. Halafu mstari wa 5010, gharama za utawala, na 5020, gharama za kuchangisha, ulinganishe na 5100, matumizi yote. Dakika kumi zinatosha.

Fomu haikwambii mkataba wa utafiti unasemaje. Hapo uliza jambo moja: mfadhili ana haki ya kuzuia ripoti isitoke? Mkataba safi humpa haki ya kuisoma siku kadhaa kabla na kusahihisha makosa ya takwimu, basi. Kama anaweza kuizuia, hiyo ni kazi ya mshauri wa kampuni, na haina ubaya ikiitwa kwa jina lake.

Wewe wa Busia unajua kwa nini tunasisitiza. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, mjadala ulikuwa juu ya kiwango kimoja, sehemu 10 katika bilioni. Taarifa ya maabara iliyolipiwa na mwenye mzigo na ile iliyolipiwa na mwenye mpaka hazisomwi kwa macho yale yale, hata zikisema jambo moja.

SWALI (diwani wa LC5, baraza la wilaya, Moroto): Je, mawazo ya taasisi hii yaliwahi kushinda, au ni karatasi tu? Sisi mikoa ya pembeni tumechoka na karatasi.

JIBU: Mheshimiwa, tukupe moja lililoshindwa kwa heshima, maana linafundisha zaidi.

Majimbo manne yana viti 108 kati ya 343 katika bunge la chini, karibu sawasawa na hisa yao ya watu. Mwanya uko Seneti. Magharibi yote ina viti 24 kati ya 105. British Columbia yenye watu zaidi ya milioni 5 ina 6. Nova Scotia, jimbo la mashariki lenye kama milioni moja, ina 10. Tena maseneta huteuliwa. Mwaka 1981 taasisi ilitoa ripoti iliyotaka Seneti ya kuchaguliwa, na wazo hilo likakua likaitwa Triple-E: wachaguliwe, wawe sawa kwa kila jimbo, wawe na nguvu. Mkulima mmoja, Bert Brown, aliliandika kwa jembe la trekta kwenye shamba la shayiri la jirani, herufi za kusomwa kutoka angani. Mwaka 1989 Alberta ilipiga kura ya kumchagua seneta, na Stan Waters aliyeshinda akateuliwa 1990. Brown mwenyewe aliingia Seneti 2007. Kisha 2014 Mahakama ya Juu ikasema mageuzi ya namna hiyo yanahitaji ridhaa ya majimbo 7 yenye angalau nusu ya watu wa nchi. Mlango ukafungwa. Viti bado ni 24.

Kosa lilikuwa wapi? Wazo zuri lilielekezwa mahali panapohitaji wengi mno kukubali. Linganisha na biashara kati ya majimbo. British Columbia na Alberta zilitia saini mkataba wao 2006, Saskatchewan ikaingia 2010 ulipopanuliwa kuwa New West Partnership, Manitoba 2017. Kila hatua ilihitaji serikali mbili au tatu tu. Hakuna taasisi inayoweza kudai ushindi huo peke yake, lakini watafiti wa magharibi walikuwa wamekwisha kuorodhesha vikwazo kimoja kimoja, hadi uzito wa ekseli na aina za matairi ya lori.

Kuna na ushindi wa katikati, ambao hausimuliwi. Muswada C-69 wa kutathmini athari za miradi ulipofika Seneti, wakosoaji wa magharibi, taasisi hii ikiwamo, walileta hoja kifungu kwa kifungu. Seneti ilipendekeza marekebisho zaidi ya 180. Serikali ikakubali 99, mengine kama yalivyo na mengine baada ya kuyabadili. Sheria ikapita Juni 2019, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikaona sehemu yake kubwa inavuka mipaka ya katiba, ikarekebishwa 2024. Aliyeandika "tunapinga muswada" hakuacha alama. Aliyeandika "kifungu hiki, badala ya maneno haya weka haya" alisomwa.

Kwako Moroto, kifungu chako ni cha 193 cha Katiba yetu, kinachotaja ruzuku ya kusawazisha kwa wilaya zilizo nyuma ya kiwango cha taifa. Neno liko pale tangu 1995. Kazi ya utafiti ni kuonyesha wilaya yako iko nyuma kwa kiasi gani, katika huduma gani, ukilinganisha na wastani upi. Kanada nayo ina ruzuku ya jina hilo hilo katika katiba, na Alberta inayoichangia kupitia kodi za Ottawa haijapokea tangu miaka ya 1960. Mwaka 2021 karibu asilimia 62 ya wapiga kura wake walisema iondolewe. Usishangae siku moja ukisikia hoja kama hiyo kutoka Kampala.

SWALI (fundi wa mitambo, Hoima): Kuna la kujifunza kwa bomba letu la mafuta?

JIBU: Moja: bei ya kuchelewa. Mafuta ya Alberta kwa miaka yalikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, Marekani, kwa kukosa njia ya baharini. Oktoba 2018 yaliuzwa kwa punguzo la zaidi ya dola 40 za Marekani kwa pipa, na Januari 2019 serikali ya jimbo ikaamuru uzalishaji upunguzwe kwa mapipa 325,000 kwa siku. Upanuzi wa bomba la Trans Mountain, kutoka mapipa 300,000 hadi 890,000 kwa siku, ulianza kazi tarehe 1 Mei 2024. Gharama ilitoka dola bilioni 5.4 za Kanada za makadirio ya 2013 hadi karibu bilioni 34. Ukiona makadirio ya mradi wowote, wa bomba letu la Kabaale, Hoima, hadi Tanga ukiwamo, uliza ni ya mwaka gani kabla hujauliza ni kiasi gani.

SWALI (kundi la wahitimu, Mbale): Tunataka kuanzisha taasisi ya sera ya eneo la Elgon. Tuanze na watu wangapi, na karatasi zipi?

JIBU: Watu wanne: mkurugenzi anayejua kubisha hodi maofisini, watafiti wawili, na mhariri. Wengi humwacha mhariri, wakamweka mtafiti wa tatu. Ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye kurasa 40. Mhasibu awe wa muda, lakini mkaguzi wa hesabu wa nje apatikane tangu mwaka wa kwanza, wakati hakuna cha kukagua. Mfadhili wa mwaka wa tatu ataomba hesabu za mwaka wa kwanza.

Karatasi: kampuni isiyo na hisa, yenye wadhamini, isajiliwe URSB (ofisi ya usajili wa kampuni), kisha kibali cha shirika lisilo la kiserikali, ambacho tangu 2024 kinashughulikiwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Utafiti unaohoji watu upite kamati ya maadili na kusajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kabla ya dodoso la kwanza. Na kwa kuwa mtashika majina na namba za simu, jiandikisheni ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi chini ya sheria ya 2019.

Jitahidini msianze na kahawa yote ya Elgon. Chukueni swali moja ambalo halmashauri ya wilaya itaamua mwaka huu, mfano ada ya soko au makalavati ya njia moja ya mlimani. Hesabuni kurudi nyuma kutoka mkutano wa bajeti wa Novemba: wiki 2 za kuzungumza na madiwani mmoja mmoja, wiki 2 za wahakiki na mhariri, wiki 4 za kuchambua na kuandika, wiki 4 za kukusanya takwimu, wiki 3 za kusubiri hati za wilaya. Mkutano ukiwa tarehe 10 Novemba, barua ya kuomba hati itoke kabla ya tarehe 28 Julai.